Sindano na Uzi: Majibu ya Barua za Msimu wa Masika

Barua za safari hii zimefika mvua za masika zikiwa zimekwisha kutanda, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: kazi ya sindano ianzwe lini, ifanywe na nani, na ipewe nafasi gani katika nyumba iliyojaa watu na shughuli. Nimechagua sita. Majina ya waandishi nimeyahifadhi, kama wenyewe walivyoomba.

Shikamoo Mama. Nina watoto watatu, wa kike wawili wenye miaka 13 na 10, na wa kiume mwenye miaka 7. Mvua ikinyesha hawatoki nje, na simu yangu na ya baba yao hazipati mapumziko. Ningependa tuwe na kazi ya mikono ya kufanya pamoja, lakini mimi mwenyewe najua kushona kiasi cha kurudisha kifungo tu. Tena baba yao haoni vyema mtoto wa kiume kushika sindano. Nianzie wapi? — Mama wa watatu, Tanga

Marahaba, mwanangu. Kama unajua kurudisha kifungo, basi una elimu ya kutosha kuanza wiki hii. Kusanya nguo zote za nyumbani zilizokatika vifungo, zilizofumuka mapindo na zilizochanika kwapani, uziweke katika kapu moja, na kila mtoto aanze na nguo yake mwenyewe, hasa sare ya shule, kwa kuwa mtoto aliyerudisha kifungo cha shati lake kwa mkono wake hukoma kukivuta ovyo anapolivua. Unapowaonyesha, weka njiti ya kiberiti kati ya kifungo na kitambaa wakati wa kushona, kisha uichomoe, uuzungushe uzi mara tatu au nne chini ya kifungo kabla ya kupiga fundo. Kifungo kitapata shingo, na kitaingia tunduni bila kuikunja nguo.

Kapu hilo likiisha, huyo wa miaka 13 mpe doti ya khanga aipinde. Khanga huuzwa mbili mbili zikiwa zimeungana, na pale zinapokatwa huanza kufumuka tangu mfuo wa kwanza zisipopindwa. Pande ndefu, ambazo ni kama sentimita 150, zina ukingo wa kiwandani na hazihitaji kuguswa. Zinazohitaji mkono ni pande fupi, za kama sentimita 110 kila moja, ambazo kwa doti nzima ni nne, yaani mita nne na kidogo za mshono. Mwambie akunje nusu sentimita, akunje tena nusu sentimita, apige bandi kwa uzi wa rangi nyingine ili pindo lisihame, ndipo ashone kwa mishono midogo inayochukua nyuzi mbili tatu tu za kitambaa cha upande wa mbele, kisha aifumue ile bandi. Mimi nilijifunzia khanga ya kisutu ya bibi yangu, na ninakumbuka kwamba pindo la kwanza lilipanda na kushuka kama njia ya kisimani, la pili likawa na nafuu, na la nne bibi alilitazama kwa muda mrefu kisha akaikunja khanga na kuiweka sandukuni pamoja na zake. Ndiyo maana nasisitiza doti nzima, wala si khanga moja, kwa sababu mkono hujifunza kwa kurudia kazi ile ile hadi ichoshe kidogo.

Wakati akishona, wasimulie wote kwamba khanga yenyewe, kama inavyosimuliwa pwani, ilizaliwa na sindano za wanawake: katika karne ya 19 walinunua leso zilizotoka ng'ambo zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunga sita sita, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja pana ya kujifunga. Jina la leso, ambalo asili yake ni Kireno, ndilo wanalolitumia wenzetu wa Mombasa hadi leo.

Wa miaka 10 anafaa kupewa foronya nyeupe na uzi wa rangi mbili, achore ua moja la asumini kwa penseli pembeni na kulifuatisha kwa mshono wa mnyororo. Ua moja linatosha. Ukimruhusu achore bustani nzima, foronya hiyo utaikuta chini ya godoro mwezi wa saba ikiwa haijamalizika.

Mdogo msimpe kitambaa laini. Ninyi wa Tanga mna bahati ya mkonge, ambao umelimwa huko tangu mwaka 1893, kwa hiyo mtafutie kipande cha gunia la katani lililofumwa kwa nafasi, sindano butu yenye tundu pana na uzi mnene, ahesabu nyuzi za gunia na kushona mishono inayopishana kama herufi X. Kwa mtoto wa umri huo kazi hiyo ni kushona na ni hesabu kwa pamoja, na mwisho wake anapata kitu cha kuwekea sufuria ya moto, ambacho kila mtu atakitumia mbele ya macho yake.

Kuhusu baba yao, nakuomba usibishane naye. Mkumbushe tu kwa upole mambo anayoyaona kila siku. Mafundi wanaoketi na cherehani kwenye baraza za mitaani wengi wao ni wanaume. Wavuvi wa Tanga huketi ufukweni na nyavu zao magotini wakizishona matundu yaliyotoboka, na matanga ya ngalawa hushonwa na wanaume kwa sindano nene. Kijana anayejua kushona hatakwama akienda kuishi bwenini wala akipanga chumba mjini.

Jambo la mwisho ni wakati. Chagua saa moja baada ya alasiri, watoto wakae karibu na dirisha kwa sababu mwanga wa siku ya mvua ni mwororo na hauumizi macho, na mahindi ya kuchoma au chai ya tangawizi vingoje mpaka sindano zimehesabiwa na kurudishwa mkebeni. Hesabu hiyo ifanywe kwa sauti kila siku: zilitoka ngapi, zimerudi ngapi. Sindano iliyopotea kwenye mkeka ambao watu huulalia si jambo la kupuuza.

Assalaam alaykum Bi Mkubwa. Nimeolewa mwaka jana, na ningependa kumshonea mume wangu kofia ya viua aivae siku ya Idi. Nimewahi kumtazama shangazi yangu akishona, lakini mwenyewe sijashona hata moja. Je, mwezi wa Ramadhani unatosha, kwa vile dukani tunafunga mapema? Nataka asijue mpaka siku yenyewe. Tena nina hofu ya kuaibika ikitoka vibaya. — Mke wa mwaka mmoja, Mombasa

Waalaykum salaam, mwanangu. Nia yako imenigusa, na kwa sababu hiyo nitakujibu kwa kirefu na bila kuficha: Ramadhani haitoshi, wala haifai. Mwezi ule una kazi zake. Kuna futari ya kuandaa, kaimati za kukaanga, tambi za kupika, uji wa pilipili manga wa kukoroga, jirani wa kupelekewa sahani na sahani ya jirani ya kurudishwa isiwe tupu, na baada ya hapo kuna sala ya tarawehe. Macho ya mtu aliyefunga, saa kumi jioni, hayawezi kuona tundu dogo kama mbegu ya ufuta. Utashona ukiwa umechoka, utafumua kesho yake, na kufikia kumi la mwisho utakuwa na uchungu na kazi uliyoianza kwa mapenzi.

Anza Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Kutoka hapo hadi Ramadhani una miezi sita, na hesabu hiyo haibadiliki hata kama Ramadhani yenyewe inarudi nyuma kila mwaka kwa siku 10 au 11 katika kalenda ya kawaida, kiasi kwamba mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Kwa hiyo kazi ya sindano inayokusudiwa Idi uihesabu kwa mifunguo, usiihesabu kwa Januari na Februari.

Sasa tuje kwenye kofia. Ina vipande viwili, duara la juu na ukanda wa pembeni, na kila kimoja huwa na tabaka mbili za kitambaa cheupe cha pamba, bafta nzuri iliyofuliwa kwanza ili isije ikarudi, yaani ikasinyaa, baada ya kazi yote ile. Usikikisie kichwa cha mumeo. Chukua kofia yake inayomkaa vizuri, pima mzingo wake kwa ndani, na ukipata kwa mfano sentimita 57, kipenyo cha duara kitakuwa kama sentimita 18, ukiongeza sentimita moja kila upande kwa ajili ya kuungia. Kata kwanza karatasi, uivike juu ya ile kofia, na ukiridhika ndipo ukate kitambaa. Chora nakshi kwa penseli laini, na kwa kofia ya kwanza chagua nakshi inayojirudia, kwa sababu kila inapojirudia utakuwa umeijua zaidi.

Tabaka mbili zishikize kwa bandi pande zote na katikati, zisiteleze. Kisha huja viua vyenyewe, ambavyo ndivyo roho ya kofia hii, maana ndivyo vinavyopitisha upepo kichwani wakati wa joto la kaskazi. Kiua hakikatwi kwa mkasi. Hutobolewa kwa ncha nene, taratibu, ili nyuzi za kitambaa zisogee kando bila kukatika, na papo hapo kuzungushiwa uzi kwa mishono iliyobanana mpaka ukingo uwe mgumu kidogo chini ya kidole. Tundu lililokatwa kwa mkasi hupendeza siku ya kwanza na hupanuka kila kofia inapofuliwa. Lililotobolewa hukaa miaka. Tumia uzi wa pamba unaong'aa kidogo, kipande kisichozidi urefu wa mkono wako kutoka kwenye kidole hadi kwenye kiwiko, kwa sababu uzi mrefu huchakaa kwa kupita kitambaani mara nyingi na hupiga mafundo. Vaa kastabani kidoleni hata kama mwanzoni itakuudhi.

Usianzie duara la juu. Anzia ukanda, tena sehemu itakayokaa kisogoni, kwa sababu viua vyako vya mwanzo havitalingana, na hapo ndipo jicho la mtu lisipofika upesi. Ukizunguka hadi sehemu ya paji la uso mkono wako utakuwa umetulia. Duara lishone baadaye, na kuunga vipande viwili kuwe kazi ya mwisho kabla ya ukingo. Kuhusu mwendo, kofia yenye viua 500 ukiishona kwa viua vitano kwa siku itakuchukua siku 100, na viua vitano ni kazi ya muda ambao wali unapikwa. Jiwekee hesabu hiyo ndogo na uitimize, kwani wengi walioshindwa kumaliza kofia niliowajua walikuwa wakishona viua 30 usiku mmoja na kisha kuiacha wiki tatu.

Kuhusu kumficha, nakushauri usifanye. Kofia lazima ijaribiwe kichwani kabla ya kuungwa moja kwa moja, na kichwa hicho ni chake. Zaidi ya hayo, kuna raha ambayo utajinyima: mume anayeiona kofia yake ikikua jioni baada ya jioni, akiuliza umefika wapi, akiinyanyua kuitazama kwenye taa, huwa ameivaa kabla ya kuivaa. Baba yangu alikuwa akihesabu viua vya mama kila Ijumaa, na ilikuwa ndiyo mazungumzo yao.

Na ikitoka vibaya, ataivaa nyumbani na katika sala ya alfajiri, wakati wewe unaanza ya pili. Sokoni zipo kofia za mashine za bei nafuu, nazo ni nguo halali na zinafaa kwa shughuli za kila siku. Usizidharau, lakini pia usiilinganishe kazi yako nazo, kwa sababu mashine haikuahidi mtu kitu.

Mimi ni mzaliwa wa Maskati, lakini wazee wangu walitoka Unguja mwaka 1964. Marehemu babu alituachia kofia yake nyeupe ya kushonwa kwa mkono, nayo sasa ina madoa ya manjano na ukingo wake umechanika kama sentimita mbili. Nimeshauriwa niipeleke kwa dobi. Nifanyeje? — Mjukuu, Muscat

Mwanangu, usiipeleke kwa dobi, na usiitie dawa yoyote kali ya kung'arisha, kwa kuwa pamba ya umri huo ikipata dawa hiyo inaweza kuwa nyeupe leo na kuchanika mwakani. Kuna sabuni ya kipande isiyo na rangi. Ikune kidogo katika maji ya baridi, iloweke kofia bila kuifikicha, maji yakigeuka manjano yamwage na uweke mengine, hata ikibidi ufanye hivyo siku mbili. Doa litakalobaki baada ya hapo liache. Usiikamue, ibonyeze kati ya taulo mbili.

Ukaushaji ufanyike kivulini, ikiwa imevishwa kwenye foroma, au kama hamna, kwenye bakuli lililogeuzwa ambalo mzingo wake unalingana na wa kofia. Kama mnakusudia kuivaa, itieni wanga mwepesi kabla ya kuivisha ili isimame. Kama mnakusudia kuihifadhi tu, msiitie wanga hata kidogo, kwa sababu wadudu hula wanga na kitambaa kikiwa ndani yake. Ifungeni katika kitambaa cheupe cha pamba, ndani yake mkijaza kitambaa kingine ili isikunjike, wala msiitie katika mfuko wa nailoni, ambao huzuia hewa na kuhifadhi unyevu.

Ule mpasuko uwekeeni kiraka kwa ndani, na kiraka kiwe cha pamba kuukuu iliyokwisha kufuliwa mara nyingi, maana kitambaa kipya hurudi kikifuliwa na kukivuta cha zamani mpaka kichanike pembeni. Uzi uwe mwembamba kuliko nyuzi za kofia yenyewe. Viua vilivyolegea zungushieni uzi mpya, lakini vile ambavyo vimeharibika kabisa viacheni, kwa sababu mkono ulioitengeneza uonekane. Kumma, kofia mnayoivaa huko, na kofia ya viua ya huku kwetu ni ndugu, zote mbili zikiwa na vipande viwili, matundu ya kupitisha upepo na saa nyingi za mtu aliyeinamisha kichwa. Bila shaka hapo Muscat wapo wanawake wanaoshona kumma ambao wakiishika kofia ya babu yako watajua wafanye nini. Mtafute mmoja wao kama huna hakika na mkono wako. Na watoto waambiwe ni ya nani.

Mama, ninatarajia kujifungua mwezi wa Juni, na baridi ya huku kwetu unaijua. Mama mzazi anataka kumfumia mtoto sweta, lakini ameuliza nyuzi gani zinafaa na sweta liweje. — Mjamzito, Njombe

Mwambie mama achague nyuzi laini ambazo akizipitisha shingoni mwake mwenyewe hazitamwasha, kwani ngozi ya shingo ya mtu mzima hukaribia kusema ukweli kuhusu ngozi ya mtoto. Sufu inayowasha ifae kwa sweta la juu tu, chini yake kukiwa na fulana ya pamba. Kabla ya kuanza afume kipande cha mraba cha sentimita 10, akifue, akikaushe na kukipima tena. Kama kimerudi, ajue mapema. Sweta lifunguke mbele yote, kwa sababu mtoto mchanga hapendi kuvishwa nguo kwa kupitia kichwani, na mikono iwe mipana. Kamba na riboni shingoni hapana kabisa, maana zinaweza kumkaba, na vifungo vishonwe kwa uzi imara na kuvutwa kwa nguvu kabla ya kila kuvaa. Alifume kubwa kidogo kuliko anavyodhani: mtoto wa Juni atakuwa bado anahitaji sweta Agosti, na hatakuwa tena na mwili wa Juni. Nawaombea salama.

Mama mkwe wangu, aliye kijijini, hunitumia vitambaa vya kroshia kila mwaka inapokuja Krismasi. Sasa nina vya makochi, vya meza, vya runinga na hata vya jagi. Mume wangu anasema ni mambo ya zamani na anataka viondolewe. Mimi nampenda mama, na vitambaa vyenyewe ni vizuri, lakini kweli sebule yetu ni ndogo na vimekuwa vingi. — Mke wa mwana wa pekee, Nakuru

Dada yangu, barua yako ina watu watatu, na kitambaa kimewekwa katikati yao. Nianze na mumeo. Alilelewa juu ya makochi yenye vitambaa hivyo, akikatazwa kuvikalia kwa kaptula chafu, na pengine akionapo kitambaa anasikia karipio. Hilo si kosa lake. Lakini mama yake naye, kila anapomaliza ua moja la kroshia, anakuwa ameifikiria nyumba yenu kwa muda ule wote, kwani kitambaa cha meza kinaweza kuchukua wiki kadhaa za jioni, na wengi wa kizazi chake walijifunza kazi hiyo katika vikundi vya akina mama, wakipokezana michoro na kusifiana. Kuvifungia vyote sandukuni ni kuzirudisha jioni zake.

Kwa hiyo usiviondoe vyote wala usivitandaze vyote. Chagua seti moja uipendayo kweli, ikae sebuleni mwaka mzima. Nyingine ziwe za msimu: ya Krismasi itoke Desemba pamoja na harufu ya chapati na pilau, ya Pasaka itoke wakati wake, na watoto wawe ndio wanaozitoa na kuzitandika, ili wakue wakijua kwamba sikukuu imekaribia kwa kuona kitambaa fulani. Kitu kinachoonekana mara moja kwa mwaka hakichoshi macho ya mtu, hata ya mumeo. Vile vya runinga, ambavyo havina tena pa kukaa kwa sababu runinga za siku hizi ni nyembamba, vishonee kwenye ncha za pazia au kwenye ukingo wa foronya za wageni. Kazi ya kroshia ikiungwa kwenye kitambaa cha pamba kilichofuliwa kwanza hupendeza sana.

Kuna jambo jingine ambalo ndilo ningelifanya mapema zaidi. Desemba hii, baada ya vyombo kuoshwa, kaa karibu na mama mkwe ukiwa na kulabu na uzi wako, umwombe akufundishe ua moja. Mwulize alifundishwa na nani. Kisha mwambie, mkiwa mnafuma, kile ambacho nyumba yako inakihitaji hasa: pengine kofia za watoto za msimu wa baridi, pengine mfuko wa kwendea sokoni. Mtu anayeshona kwa mapenzi hufurahi kupewa kipimo, lakini kipimo hicho hakipokelewi vizuri kwa simu. Hupokelewa na mtu aliyeketi naye, uzi ukiwa kati ya vidole vya wote wawili. Mume wako naye mpe kazi ya kuushika uzi wakati mnaukunja kuwa mpira.

Shikamoo Bibi. Nina miaka 15. Bibi yangu amekuwa akishona tangu ujana wake, lakini sasa haoni kutunga uzi sindanoni, na tangu msimu wa karafuu uliopita ameacha kabisa. Hukaa kimya. Naomba unisaidie nimsaidie. — Mjukuu, Wete

Marahaba, mwanangu, na Mungu akubariki kwa kuuona ukimya wake. Kwanza mwambie mama au baba ampeleke hospitali akapimwe macho, kwa sababu mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji, na kuna wazee wengi waliodhani ni uzee tu, kumbe ni pazia linaloweza kuondolewa. Usiache hilo lipite.

Wakati mnasubiri, kazi isisimame. Mbadilishie kwanza kazi yenyewe: mpe miyaa, majani ya kusukia mikeka, asuke ukili, ambao msusi wa miaka mingi huusuka kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, hata akiwa anazungumza au anaangalia mvua uani. Kuunga kili zikawa mkeka kunahitaji sindano, lakini hiyo ni nene na tundu lake ni pana. Mwekee kiti chake mlangoni, mwanga ukitokea nyuma ya bega lake la kushoto kama anashonea mkono wa kulia, na kama anashona kitambaa cheupe mtandikie khanga nyeusi magotini ili matundu yaonekane.

Kuhusu kutunga uzi, ukate kwa mshazari uwe na ncha, weka karatasi nyeupe nyuma ya tundu la sindano, na lowesha tundu badala ya kuulowesha uzi. Uzi mkavu huvutwa na tundu lenye unyevu, ilhali uzi uliolowa huvimba. Lakini hayo ni ya kwako wewe, si ya kwake. Mshonee kijimto kidogo cha sufi, na kila asubuhi kabla ya kwenda shule umtungie sindano kumi, tano kwa uzi mweupe upande mmoja na tano kwa uzi wa rangi upande wa pili, kila uzi ukiwa na urefu wa kutoka kidole chake hadi kiwiko chake, si chako. Ukirudi mchana, hesabu zilizobaki kijimtoni. Siku utakapokuta hazijabaki, kesho yake tunga kumi na tano.